Egemeo la Mguu wa Kushoto

Kwa miaka sita Rashid alivaa viatu asivyojua ndani yake mna nini. Si kwamba hakuwa na macho. Alikuwa mkagua reli, mtu anayelipwa kuona boliti iliyolegea hatua ishirini mbele yake, lakini ilipofika zamu ya viatu vyake mwenyewe alimwachia Miraj kila kitu, akashukuru na kwenda zake. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, na ndevu zake. Cheka ukitaka, lakini kwanza fikiria ni nani unayemwachia wewe.

Miguu ya Rashid ilikuwa bapa tangu kuzaliwa. Akikanyaga sakafu kwa unyayo wenye maji, alama yake ilikuwa pana kama mkate wa mofa, haina kiuno. Kwa muuza duka hilo si neno. Kwa mtu anayetembea maili nane kila siku juu ya mataruma ya reli na kokoto, kutoka Voi kuelekea Ndara na kurudi, nyundo begani, ni mateso. Zamani alikuwa akirudi jioni anakanyagia visigino, na mamaye, Bi Mwanatumu, akimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi huku akimlaani aliyevumbua gari la moshi.

Miraj ndiye aliyemwokoa. Alikuwa fundi viatu, kibaraza chake kiko mkabala na stesheni. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alimletea viatu vya kutiwa soli, na ndani yake Miraj akakuta kitu ambacho hakuwahi kukiona: kipande cha ngozi kilichoinuka katikati, na chini yake kifuko chenye vipande vya mpira. Ukiongeza kipande, kinanyanyuka. Ukipunguza, kinashuka. Kinaubeba unyayo pale unapotaka kuanguka. Mzungu alirudishiwa viatu vyake siku ya pili, lakini Miraj alikuwa ameshachora kila kitu kwa mkaa ukutani.

Akamtengenezea Rashid jozi moja kwa ngozi ya ng'ombe na mpira wa tairi la lori. Waliyaita maegemeo. Kila kifuko kilikuwa na mdomo uliofungwa kwa kamba nyembamba ya ngozi, fundo moja tu, ili kifunguliwe kwa urahisi. Na kila Alhamisi jioni Rashid alikaa kwenye kigoda cha Miraj, akanyoosha mguu, Miraj akaubonyeza unyayo kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe, kisha akafungua kifuko, akatoa au akatia, akafunga. Mguu wa kulia vipande viwili, wa kushoto vitatu, wakati mwingine viwili na nusu. Rashid hakuhesabu. Aliteremka barazani anatembea kama bwana harusi.

Na kwa nini ahesabu? Miraj hakuwa rafiki tu. Mamake Miraj alifariki mtoto akiwa na siku kumi na moja, na Bi Mwanatumu, aliyekuwa akimnyonyesha Rashid wa miezi mitatu, akamchukua akampa ziwa. Wakawa ndugu wa kunyonya, na kwetu hilo si jina la mapambo. Ni undugu kamili, hata ndoa huzuia. Bi Mwanatumu alikuwa mshona kofia, na akawafundisha wote wawili mshono wake: hatua mbili mbele, moja nyuma, na kila baada ya mishono saba kifundo kidogo. Vidole vya Rashid vilikataa katakata. Vya Miraj vilishika, na kutoka kofia vikahamia kwenye ngozi. Mpaka ukubwani mwao, kila Ijumaa baada ya sala sahani ya Miraj iliwekwa kando kwa Bi Mwanatumu, imefunikwa kwa kawa, awe amekuja au hajaja.

Mwaka wa hamsini na sita, Silvanus, nyapara wa genge lao, akasema amechoka, anarudi kwao Wusi kulima. Aliacha nafasi, na aliacha nyumba ya reli iliyoendana na cheo. Hiyo nyumba ndiyo iliyomkosesha Rashid usingizi: ya mawe, vyumba viwili, jiko lake, bomba la maji mlangoni. Bi Mwanatumu alikuwa na miaka sabini, macho yameingia ukungu, anaishi na mwanawe katika chumba cha kupanga ambacho mvua ikinyesha inabidi uhamishe kitanda. Hakuwahi kulala chini ya paa ambalo mwenye nyumba hawezi kumfukuza.

"Nitapanda mrehani pale penye bomba," alisema, na siku hiyohiyo akaanza kufunga sufuria zake kwenye shuka. Ukamwambie asubiri.

Waliotakiwa kujaribiwa walikuwa wawili, Rashid na Kombo. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza: Jumamosi asubuhi utembee zile maili nane na mkaguzi wa njia, nyundo mkononi, usiachwe nyuma. Nyapara asiyeweza kutembea hatakiwi, na mkagua reli asiyeweza kutembea hatakiwi vilevile. Kombo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mume wa Saadiya, binti wa Miraj. Walikuwa wakilala sebuleni kwa Miraj, na Saadiya alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Kombo anakwenda kujionyesha tu," Miraj alisema ile Alhamisi, huku amemshika ndugu yake mguu. "Nafasi ni yako, wanajua wote. Niachie viatu mpaka kesho. Kamba hizi zimechakaa, nataka uende na kitu kipya."

Rashid akarudi nyumbani na kandambili, moyo mweupe. Ijumaa alasiri akavifuata. Miraj alimvalisha mwenyewe, akafunga kamba za viatu, akasema bismillahi. Rashid alihisi mguu wa kushoto umebanwa.

"Ngozi mpya," Miraj akasema bila kuinua kichwa. "Ukitembea italainika."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu wakaanza, Rashid na mkaguzi, Kalasinga mmoja mpole mwenye saa ya mfukoni. Zamu ya Kombo ingekuwa baada yake. Jua lilikuwa bado upande wa Sagala na hewa baridi. Maili ya kwanza Rashid alijiambia ngozi italainika. Ya pili alijiambia hivyohivyo, kwa sauti ndogo zaidi. Kitu kigumu kilikuwa kinamsukuma, si pale katikati ya unyayo, bali mbele, chini ya mizizi ya vidole, na kila taruma alilokanyaga lilikuwa kama anakanyaga kijiwe kilekile. Kwenye nguzo ya maili ya tatu jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi.

"Bwana, dakika moja," akasema. "Jiwe limeingia kiatuni."

Akakaa kwenye reli, akavua kiatu cha kushoto, akatoa egemeo ili alegeze ile kamba na kutoa kipande kimoja. Hakukuwa na kamba. Mdomo wa kifuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nta, umefungwa kabisa, na mle ndani vipande vilikuwa vimejaa mpaka ngozi imevimba. Akaupitisha ukucha juu ya mshono. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Akahesabu. Baada ya mishono saba, kifundo.

Rashid alibaki amekaa pale na lile egemeo mkononi. Alijaribu kumtetea. Alisema moyoni labda Miraj alikosea, labda alikuwa na haraka, labda taa ilikuwa hafifu. Lakini mtu hashoni kwa makosa mishono thelathini na kitu iliyonyooka namna ile. Kifuko kile kilishonwa ili kisifunguke, na kilishonwa kwa ajili ya mahali hapa hapa, maili tatu kutoka kwenye kisu chochote. Roho ilimuuma kuliko mguu, na mguu ulikuwa unawaka moto.

"Tayari?" mkaguzi akauliza.

Akatia maegemeo yote mawili mfukoni, akavaa viatu vitupu, vinavyopwaya, akapiga moyo konde. Alifika pale wanapogeukia, akageuka, akaendelea. Kwenye maili ya sita mguu wa kushoto ulikataa, akakaa chini ya nguzo bila kuomba ruhusa. Mkaguzi alitazama saa yake, akatazama mguu uliovimba, akasema pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Kombo alitembea zile maili nane anapiga mluzi.

Rashid alimfuata Miraj jioni hiyo, kwa kandambili, polepole. Akaliweka egemeo la kushoto juu ya meza, katikati ya misumari na gundi. Miraj alilitazama akaweka nyundo chini.

"Saadiya anazaa mwezi wa kumi," alisema. "Unataka azalie sebuleni kwangu, watu wakipita?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Rashid alitaka kusema ndiyo, na ingekuwa uongo. "Ningekataa," akasema. "Ungejaribu nyumba nyingine, ungenikasirikia, ungeninunia mwaka mzima. Lakini umenishika mguu, Miraj. Umenivalisha mwenyewe na ukasema bismillahi."

Miraj alijifuta uso kwa kiganja chenye gundi. Hakukana na hakuomba msamaha. Aliomba jambo moja tu: "Mama asijue. Nakuomba kwa ziwa lile lile, mama asijue."

Na huyu bwana, aliyeumizwa, aliyenyang'anywa nyumba, akakubali. Mimi nisingekubali. Rashid alikubali kwa sababu alimfikiria yule mama na sufuria zake ndani ya shuka, akaona kukosa nyumba kunamtosha, asiongezewe kukosa mtoto. Akachukua egemeo lake akaondoka, na wiki iliyofuata akaambiwa atahamishiwa ghalani, kugawa mafuta ya taa na nyundo kwa wanaotembea.

Nyumbani alilirudisha egemeo kiatuni, akasukuma viatu uvunguni, akasema mguu ulimshinda tu. Bi Mwanatumu hakulia. Alikanda mguu, akauliza kama mkaguzi alikuwa na adabu, akasema Mungu ana nyumba nyingi. Jumatatu, Rashid alipokuwa akinywa chai, mama alipapasa mpaka uvunguni mwa kitanda akavuta viatu.

"Nivianike," akasema. "Vinanuka."

"Acha, mama, nitavianika mimi."

Alikuwa amechelewa. Mkono wa mama ulikuwa umeshaingia kiatuni na kulitoa lile egemeo. Macho yake hayakuona lolote, yalikuwa yametazama mlangoni, lakini vidole vilitembea juu ya ngozi, vikafika kwenye mdomo wa kifuko, vikasimama. Kisha vikaanza tena, taratibu, na midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Ilipofika saba, kidole kikagusa kifundo. Akahesabu tena upande wa pili.

"Hapa pana kamba siku zote," alisema. "Nimekuvulia viatu hivi miaka sita."

"Ndiyo, mama."

"Alipashona lini?"

Rashid alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema. Alitazama chai yake. Bi Mwanatumu akaomba wembe. Akaukata mshono mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama anayefumua kofia ya mteja aliyebadili nia. Akavitoa vipande vya tairi, akavipanga mkekani. Vitano, na kilicho kinene zaidi kilikuwa mbele, kimekaa kinyume. Akaviweka pamoja na uzi wote ndani ya kikopo cha vifungo. Kisha akafungua lile shuka na kurudisha sufuria mahali pake, moja baada ya nyingine, wala hakutaka kusaidiwa.

Ijumaa Miraj alikuja. Alikuja kwa kuwa kutokuja kungekuwa kukiri, na kwa kuwa aliamini ahadi ya ndugu yake, ambayo kweli ilikuwa haijavunjwa. Akamwamkia mama, "Shikamoo, mama," akaitikiwa "Marahaba" kama kawaida. Akaketi mkekani. Rashid alikuwa amekaa mkabala naye, miguu mitupu, hajui la kufanya na mikono yake.

Bi Mwanatumu akaleta sinia na sahani imefunikwa kwa kawa, akaiweka mbele ya Miraj. Miraj akanawa, akafunua. Wali wa nazi, kipande cha samaki, mchicha. Na ukingoni mwa sahani, vimepangwa vizuri kwa mstari, vipande vitano vya tairi na donge la uzi wa nta.

Mkono wa Miraj ulibaki hewani. Alimtazama Rashid, na Rashid akatikisa kichwa: si mimi. Alikuwa amedhani siku kama hii ingemfurahisha. Haikumfurahisha hata kidogo.

"Mishono thelathini na moja," mama akasema. "Mizuri. Sijawahi kumfundisha mtu akashika kama wewe. Kula sasa. Ijumaa ijayo utakula kwa Saadiya, ana jiko."

Miraj akala. Alikula mpaka tonge la mwisho, machozi yakimtiririka ndevuni, kwa kuwa tangu akiwa na siku kumi na moja hakuwahi kukataa chakula cha mama yule, na hakujua mtu huanzaje.