Aliyegonga Ndiye Aliyepasua

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi, chai ya kibanda kizima juu yangu.

Fundi mfinyanzi alikuwa na sheria yake: mwanagenzi akigonga chungu kikalia vibaya, yeye ndiye aliyekipasua. Anarudi shimoni kukanyaga udongo, anaanza upya. Basi wanagenzi wake wote waligonga kwa kiganja, taratibu, chungu kisilie, kama wanabembeleza mtoto.

Mmoja wao, Binti, alibakiza chungu kimoja tu atoke fundi kamili. Mpishi wa shule alikuja kukichukua, kichanga mgongoni.

"Gonga basi, mwanangu," Fundi alisema, sauti laini kama mafuta. "Tena kwa kifundo cha kidole. Mama asikie mwenyewe."

Binti hakusogea. Alfajiri alimwona Fundi akipaka utomvu na majivu ubavuni mwa chungu hichohicho. Aliyajua majivu yale. Moto ukikolea, yanaachia. Akaona maji yanayochemka, akaona miguu ya kichanga inaning'inia kando ya kiuno cha mama yake.

"Umeota mizizi?"

Akagonga. Kilitoa sauti ya ubao ulioloa, butu, hata jogoo wa jirani akameza kuwika kwake.

"Haya. Kizima?"

"Kina ufa, Fundi."

"Nani kakipasua?"

Hapo, ndugu zangu, Fundi akaporomoka chini! Akalia machozi ya kujaza ndoo, akavua aproni yake, akamfunga Binti kiunoni, akasema kuanzia leo wewe ndiye...

"Mzee, lipa."

Alikuwa muuza chai. Hakugeuka, alikuwa akikoroga birika.

"Nilipeje, na hadithi haijaisha?"

"Imeisha. Huyo Binti ni mwanangu. Aliulizwa nani kakipasua, akasema: 'Mimi, Fundi. Nisamehe.' Asubuhi nimempelekea chakula. Yumo shimoni, udongo umemfika magotini. Kagoma kuniangalia."

Akafunika birika.

"Wa kugonga kashapatikana mwingine," akaongeza. "Nimemsikia. Anagonga kwa kiganja."

"Na chungu?" niliuliza.

"Kimepakwa tena. Kimepata mnunuzi mwingine."

Nikatoa hela, nikalipia wote. Akamimina kikombe kimoja baada ya kingine. Changu cha mwisho, hakutia sukari.