Tepu Isiyo na Mwanzo

"Themanini na nne," alisema Sindano, pua yake karibu iguse tepu.

"Upana wa mlango, themanini na nne. Andika, mama," alisema baba yake, aliyepiga magoti upande wa pili, ameubana mwanzo wa tepu kwa kidole gumba.

Jina la Sindano alimpa yeye mwenyewe, maana mtoto alikuwa mwembamba na hakuna pahali asipopenya. Baba mtu alikuwa fundi cherehani. Kila siku saa kumi na moja jioni aliifunika cherehani yake kwa kitambaa, akapangusa vumbi la nyuzi juu ya meza ya kukatia, akageuka mwanafunzi. Shule aliiacha darasa la nne, na masomo yaliyobaki alikuwa akiyaokota sasa kwenye madaftari ya binti yake. Saa hiyo jua liliingia ubavuni, nyuzi ndogo zikaelea hewani bila haraka ya kutua, na mara nyingine fundi alijiona yuko kwenye dawati, miguu mitupu, akisubiri aitwe. Aliipenda saa hiyo kuliko chakula.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupima vitu vitano vya nyumbani. Walipima mlango, meza, dirisha na benchi, na cha tano alikuwa mtoto mwenyewe. Sindano alisimama ukutani, akajinyoosha mpaka shingo ikauma. Mia moja na thelathini. Akacheka peke yake, akaiandika kwa mwandiko mkubwa kuliko nyingine zote.

Kesho yake alirudi akiburuta miguu. Daftari aliliweka mezani, akalifunika kwa kipande cha bitana. Fundi alilifunua. Alama tano za kukosa, kama mikasi iliyofunguliwa, zote nyekundu. Mwalimu alikuwa amemsimamisha ukutani mbele ya darasa, akampima: mia moja ishirini na saba, na kwa kosa hilo moja akayakataa majibu yote. Wenzake walicheka, mmoja akasema kwao Sindano hata ukuta unadanganya. Hayo yote Sindano aliyasimulia huku akitazama kopo la vifungo, si baba yake.

"Usijisumbue tena, baba," alimalizia kwa upole. "Jirani amesema nikafanyie kwake. Yeye ni karani."

"Haya, mama."

Mdomo ulisema haya, moyo ulikataa. Mtoto alitoka na daftari lake, na chumba kikawa kikubwa ghafla. Fundi aliifunua cherehani, akachukua kola ya mteja ili aipime. Kidole chake kikateleza kwenye tepu, kikaruka alama tatu, kikatulia mahali pake. Hapo ndipo alipokiona kidole chake mwenyewe.

Tepu ile ilianzia tatu. Sentimita tatu za mwanzo ziliungua kwa pasi zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi, akazikata na kuzitupa. Tangu siku ile, katika kila alichopima alitoa tatu bila kujua kwamba anatoa, kama mtu anavyopepesa macho. Nguo zake ziliwakaa watu barabara. Lakini mtoto alisoma namba kama alivyofundishwa kuzisoma, na yeye hakumwambia neno. Mazoea yana taabu. Alitaka kucheka, aibu ikamwahi.

Alivuka ua, tepu shingoni, akabisha kwa jirani. Karani alimkaribisha ndani, lakini fundi akakataa kwa adabu na kubaki kizingitini. Alijua akiingia ataanza kuzungumza habari za mvua.

"Sindano, kosa si lako," alisema, karani akisikia. "Tepu yangu haina mwanzo."

Mtoto alikuja, akashika ncha, akaikagua.

"Kwa hiyo kila kitu unatoa tatu?"

"Kila kitu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Sindano alifikiri kidogo. Kisha akamshukuru jirani na kukusanya vitu vyake.

Nyumbani alisahihisha majibu yote matano, na fundi hakuthubutu kumsaidia. Alipomaliza alivuta kigoda mpaka ukutani.

"Simama hapa, baba."

Fundi alimkumbusha kwamba yeye hayumo kwenye kazi ya shule. Sindano alikwisha kupanda kigodani. Basi akatii, akaegemeza mgongo. Alikuwa amepima nusu ya mji, mabwana harusi na wenye vitambi waliobana pumzi, lakini hakuna aliyewahi kumpima yeye. Nguo zake mwenyewe alizikata kwa macho tu. Tepu ilipanda kutoka sakafuni, ikaishia kidevuni. Sindano akaweka alama kwa chaki, akaanza upya kutoka pale kwenda juu. Fundi alifungua mdomo ili amwonye.

"Usiseme," alisema Sindano. "Nimepima mara mbili. Natoa tatu mara mbili."

Fundi alifunga mdomo.

"Mia moja sitini na tisa," mtoto alisema, akashuka, akaanza kuandika mstari wa sita ambao hakuna mwalimu aliyeuomba. Tepu ilikuwa sakafuni tayari, na nyuzi zilikuwa zikielea kwenye jua la mwisho. Fundi alibaki palepale, visigino ukutani, macho ameyafumba, akisikiliza penseli ikitembea.