Dinari Iliyorudi Kruševac

Obrad alikuwa ameshaweka ufunguo wa trekta mezani, kando ya kikombe cha kahawa, sarafu ilipomfikia Fundi Tihomir.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli mjini Kruševac, ambako wakusanyaji wa sarafu hukutana mara moja kwa mwezi. Hakuna aliyebadilishana kitu cha maana pale kabla Tihomir hajakitazama. Kwa miaka arobaini alitengeneza meno ya bandia. Jicho lake lilizoea vitu vidogo, na watu walisema ulimi wake haukuzoea uongo.

Ilikuwa dinari ya fedha ya Knez Lazar, mtawala wa zama za kale, nyembamba kama gamba la samaki, yenye picha ya kofia ya vita ya pembe mbili. Mkusanyaji angeweza kuzeeka bila kuishika ya namna hiyo. Ljubisav, mtu mnene, mpole, aliyetoka mji wa Niš, alikuwa amekubali kuiachia kwa trekta la Obrad na tela lake. Obrad alilima zabibu kule Župa, na trekta jingine hakuwa nalo.

Tihomir akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Chini ya pembe ya kushoto palikuwa na kipele cha fedha, kidogo kuliko punje ya chumvi.

Alikijua kipele kile. Povu lilinaswa kwenye plasta ya kalibu, fedha iliyoyeyuka ikalijaza. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwalimu wake wa mambo ya sarafu alimwazima dinari halisi siku moja aichore, naye, kwa majivuno tu ya ujana, akaichukulia umbo kwa nta kama anavyochukua umbo la jino, akayeyusha fedha, akaona kumbe anaweza. Nakala akampa mdogo wake Ratko, kwa mzaha. Ulipokuja mwaka ule wa dhiki, bei ya mkate ikibadilika asubuhi na jioni, Ratko akaenda kuiuza Niš. Tihomir alijua. Alinyamaza, kwa sababu watoto wa Ratko walikula.

"Si yenyewe," alisema.

Ljubisav hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba uzito ni sawa, fedha ni safi, wajuzi wawili wa Niš wameipitisha, na yeye amekaa nayo miaka kumi na minane. Akaomba aonyeshwe kasoro. Tihomir akaonyesha kipele. Kioo kikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema huenda chapa ya kale ilikuwa na tundu. Mwingine akasema ni sarafu gani ya zama zile isiyo na kovu.

Obrad alikuwa akimtazama Tihomir, na uso wake ulikuwa unabadilika.

"Umeitafuta hii maisha yako yote, fundi. Leo nimeipata mimi, mkulima, ndiyo imekuwa bandia?"

"Obrad, ndugu yangu, chukua ufunguo wako."

"Nipe sababu ninayoweza kuishika. La sivyo, nyamaza."

Akausukuma ufunguo kuelekea kwa Ljubisav. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa kupogoa mizabibu. Machi ilikuwa imeingia, na shamba lilisubiri trekta. Tihomir alijua kwamba kama angenyamaza, hakuna ambaye angegundua. Sarafu ingelala Župa ndani ya kisanduku, na jina lake lingebaki safi mpaka kaburini. Mkono wa Ljubisav ukagusa ufunguo.

"Niliitengeneza mimi," Tihomir akasema.

Akawasimulia yote kwa sauti ile aliyotumia kufundishia kazi: nta, plasta, kijiko cha fedha cha mama yake alichokiyeyusha. Ljubisav akauliza nani aliyeiuza.

"Ilitoka mkononi mwangu," akajibu. Jina la Ratko hakulitaja.

Ljubisav akaketi polepole. Hakuna aliyemtukana Tihomir. Mtu mmoja akafungua albamu yake na kuanza kuzipitia sarafu zake upya. Wa pili akafungua, kisha wa tatu, mpaka ukumbi mzima ukajaa mchakacho wa kurasa za plastiki. Zote zile zilikuwa zimepita mbele ya jicho la Tihomir.

Akavaa koti, akatoka. Mlango wa nje ulikuwa hatua kumi tu, lakini hakuufikia. Aliketi kwenye benchi la korido.

Obrad alimfuata, amebeba bati la biskuti lenye sarafu zake.

"Sogea," akasema, akaketi. "Zipo nyingine?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Obrad akaliweka bati magotini, akafungua kifuniko, akatoa sarafu ya kwanza. Tihomir akakinga kiganja aikague. Waliketi hivyo, bega kwa bega, kiganja kikiwa wazi, na sarafu ikiwa bado kati ya vidole vya Obrad.