Mashua Yenye Tanga la Kiraka

Tse Lam aliigeuza picha juu chini, akainua ubao upande mmoja, akavuta brashi pana yenye samawati. Ndivyo alivyozoea kupaka mbingu: rangi ya maji ishuke kuelekea ukingoni, isije ikazimwagikia mashua alizokwisha kuzichora. Mto wa Lulu ulilala mezani na biashara yake yote, mashua za chai, za mchele, za bata, zikining'inia kama popo.

Mkewe Kiu aliingia na chai, akasimama.

"Baba Yuk, hiyo si mashua ya kaka yangu?"

"Ipi?"

"Yenye tanga la kiraka."

Kweli ilikuwa ya Shing. Mkono ulijiendea tu, Lam hakukusudia. Shing alipanda mto kufuata chai kabla ya mafuriko. Wenzake wamesharudi, yeye bado.

"Umeipindua," Kiu alisema polepole.

Kiu alizaliwa mashuani. Tangu waoane hajawahi kumgeuza samaki sahanini; hula upande wa juu, hutoa mfupa, ndipo hula wa chini, ili chombo cha mtu kisipinduke huko kiliko.

"Hii ni karatasi, Mama Yuk."

"Na samaki ni kitoweo. Mbona humgeuzi?"

"Naogopa mwiko. Wako ule wa jikoni."

Mdomo wa Kiu ulitaka kucheka, ukaghairi.

Lam alilaza ubao. Wakaushika pande mbili, wakauzungusha taratibu, kama mashua inavyogeuzwa penye mkondo mwembamba. Milingoti ikasimama. Lakini samawati mbichi ilianza kutambaa, ikagusa ncha ya tanga la Shing, ikatulia hapo kama ukungu.

"Nahodha wa Kizungu aliyeiagiza picha atauliza," Lam alisema. "Alitaka mbingu safi."

"Mwambie huku kwetu kuna mvua."

"Na nusu ya mbingu iliyobaki nyeupe?"

"Utaipaka ikiwa hivi hivi, imesimama."

"Rangi itamwagika yote mtoni."

"Basi tafuta njia. Si wewe fundi?"

Lam aliitazama ile nusu tupu. Hakujua njia. Aliosha brashi, akaiweka ikauke; mbingu ingengoja kesho. Kiu alivuta kigoda, akaanza kuipepea picha kwa upepeo, na kila alipopepea, ukungu ule ulisogea kidogo, mashua zikaonekana kama zinapumua.

"Lala kidogo," alimwambia mumewe. "Mimi nipo naye."