Magoti ya Fundi Amina

Jioni moja fundi seremala aliyeitwa Amina, kwa kuwa kila neno aliliitikia "amina", alinawa mikono, akapangusa vumbi la mbao shingoni, akaenda kusali na mkewe. Magoti yakakataa kukunjika. Hayakuuma wala kuvimba, yaligoma tu.

"Leo ulikaa na nani?" aliuliza mkewe, aliyekwisha kupiga magoti.

"Na Randa. Na nani mwingine?"

"Basi sali umesimama, baba. Mungu si kiziwi."

Randa alikuwa fundi mwenzake, bingwa wa majeneza. Ubavuni alitumia mbao safi, akazipiga vanishi hata mfiwa akajiona uso. Chini alipigilia mbao zilizobunguliwa, akazifunika kwa kitambaa cheupe. "Mteja wetu halalamiki," alisema, karakana nzima ikacheka. Amina naye alicheka, na ndiye aliyeshika kitambaa.

Siku umeme ulipokatika, Amina aliacha karakana, akashinda chumba cha jirani kwa Mama Pasi, aliyepiga nguo pasi ya mkaa huku akiongea na Mungu kama jirani, mara akimshukuru, mara akimgombeza. Jioni ile magoti yalikunjika kabla hajafika kwenye mkeka. Amina hakungoja kuambiwa mara mbili. Asubuhi alihamishia meza yake ya kazi kwa Mama Pasi, akaanza kutengeneza vigoda.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Pasi. "Ila vumbi lako lielekee mlangoni."

Mwezi uliofuata Randa alibisha hodi. "Mama yangu mgonjwa, anataka nimwombee, na miguu imekuwa nguzo. Nasikia yako ililainika hapa. Nikae kidogo?"

Alikaa mchana kutwa katikati ya mashati ya moto. Alipofika kwa mama yake alipiga magoti vizuri, akaomba, na mama akafariki amemshika mkono. Randa alimtengenezea mama jeneza la mbao nzima, juu na chini, akilia waziwazi. Amina alimsaidia, na moyo wake ulifurahi kweli kumwona mwenzake amebadilika.

Matanga yalipoisha, nyundo ilisikika tena ng'ambo ya ukuta. Amina aliijua sauti ya msumari unaoingia kwenye ubao uliooza.

"Randa! Mbao hizo!"

"Jioni, ndugu yangu!" Randa alijibu kwa uchangamfu. "Jioni nitapita kwa Mama Pasi nikae kidogo!"

Jioni alikuja, na magoti yake yalilainika kama kawaida.