Watu Wanne wa Kumfikisha Shangazi

Mkurugenzi wa hospitali alirudi kutoka semina na kijitabu cha Kiingereza. Humo, alisema, mna maneno manne ya kumfikisha mtu mahali, na kila moja lina maana yake. Mimi na wewe tungesema sawa, tumesikia. Yeye akaajiri watu wanne, kila neno na mtu wake, kila mtu na fulana ya rangi yake. Ndugu wa mgonjwa wakapigwa marufuku kumpeleka mgonjwa wao. Wafuate nyuma, wanyamaze.

Mimi na kunyamaza wapi na wapi! Lakini siku hiyo niliufyata. Shangazi yangu jicho moja lilishakufa, na la pili, linaloona ukungu tu, lilikuwa litolewe mtoto wa jicho saa nne. Daktari wake ni wa kuja na kuondoka. Saa sita gari humpeleka mji mwingine, na harudi mpaka miezi sita ipite. Jicho lile lisingeingoja hiyo miezi sita.

Fulana ya njano alikuwa Mwelekezi. "Chumba cha upasuaji ni kule," akanyoosha kidole. Asiyeona anaonyeshwa kwa kidole, jamani! Nikamwomba atupeleke.

"Mimi naelekeza tu, dada. Nikitembea nitakuwa naongoza."

Kiongozi, fulana nyekundu, alitangulia mbio mbio bila kugeuka, maana eti anayeongoza hufuatwa. Kwenye kona ya maabara tukampoteza. Akatuokota Msindikizaji, baba mmoja mpole, akamshika shangazi mkono, wakapiga soga, wakaizunguka wodi ya wazazi mara mbili.

"Baba, njia unaijua?"

"Hapana, mwanangu. Mimi nasindikiza."

Nilitamani kumzaba kibao. Mwishowe tulimfuata mfagizi na ndoo yake, tukafika saa tano na nusu. Mlangoni alikaa wa nne, Mkabidhi, na daftari lake.

"Nani amewaleta?"

"Mfagizi," shangazi akajibu.

"Mfagizi hayumo kijitabuni."

Nikampita kama simwoni. Ndani taa zinawaka, kitanda kimetandikwa, muuguzi anapiga miayo, daktari hayupo.

"Naye ni mgeni hapa," muuguzi akasema. "Alipewa Kiongozi saa tatu, mpaka sasa hajafika."

Dakika kumi kabla ya saa sita daktari akaingia, jasho likimtiririka. Akatazama saa yake.

"Samahani sana, mama. Gari langu liko getini. Tuonane baada ya miezi sita."

Nikaangua kilio pale pale, wala sikuona haya.

Shangazi hakulia. Alipapasa hewani mpaka akalipata koti la daktari. "Njoo, mwanangu, kitanda kiko huku." Akamvuta, akapanda, akalala chali. "Haya, anza." Koti hakuliachia mpaka alipomsikia akimtuma muuguzi amwambie dereva azime gari.