Betri Isiyo na Namba

Nyumba niliyokuwa nikipika, huko Al Wakrah, ng'ambo kwa Waarabu, ilikuwa na swichi kumi na nne jikoni peke yake. Nilizihesabu siku ya kwanza. Kila nilipotoka jikoni nilizizima zote isipokuwa mbili za friji, na Madam alinicheka sana. "Peninah, umeme wetu ni bure." Nilimsikia, lakini mkono haukusikia. Nilikuwa nimepanga chumba Voi miaka kumi na mmoja kwa mwenye nyumba aliyepita mlango hadi mlango akitafuta nani kaacha taa, na mkono ukishazoea jambo hauombi ruhusa tena.

Nimeanza na swichi kwa sababu ndizo zilizoanzisha haya.

Mwaka huo, 2008, dereva wetu alikuwa Philipo, mtu wa Bungoma wa miaka thelathini na kitu, mwenye mwanya mbele na kicheko cha karibu. Aliniita Nyanya ingawa nilikuwa na hamsini na nne tu, kwa kuwa wajukuu wangu watatu walikuwa wamebandikwa picha kwenye mlango wa kabati la unga. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, tumbo limejaa maji. Philipo alitaka likizo ya mwezi mmoja akamwone. Tiketi haikuwa shida. Shida ilikuwa sahihi: siku hizo hukutoka nchini bila tajiri wako kukutilia sahihi ya kuondoka, na bila hiyo ungerudishwa pale pale uwanja wa ndege na sanduku lako.

Tajiri wetu tulimwita Baba. Hakuwa mtu mbaya, nisimzulie. Hakuwahi kutuinulia mkono, na sikukuu alitugawia vitambaa vizuri. Ila alikuwa mtu wa "bukra", yaani kesho, na kesho yake haikuwa na tarehe. Philipo alikuwa ameomba mara tano, bukra tano. Kitu kimoja tu kilimfanya Baba awe na haraka, nacho ni hasira. Herbert wa bustani alipoangusha mtungi aliouacha marehemu babake Baba, ilipigwa simu moja, na kesho yake saa nne asubuhi Herbert alikuwa ndani ya ndege ya Entebbe, kazi imekwisha.

Baba alikuwa na kigemu cha mkononi, cheusi, cha kung'aa, ambacho alichezea mpira akiwa amelala kwenye mito sebuleni. Kilikuwa kimeshafunguliwa na fundi ili kikubali michezo ya kunakili. Sasa akasikia wenzake wana mpira unaotangazwa kwa Kiarabu. Jumapili, akienda Bahrain kwa juma moja, alimpa Philipo kile kigemu akipeleke kwa fundi Al Sadd, akasema akicheka: "Nikirudi Jumamosi nikute kinaongea Kiarabu, nami natia sahihi."

Yeye alicheka. Philipo alilichukua neno hilo kama kiapo.

Hakukipeleka kwa fundi. Nyumbani alikuwa akifungua redio na simu, na alisema fundi atakaa nacho juma zima na Jumamosi itafika. Jumatatu akakileta jikoni, akakilaza juu ya meza karibu na pipa la unga, waya ukutani. Akanieleza ya kwamba kwanza lazima kibadilishwe akili yenyewe, programu ya ndani kabisa, ndipo huo mpira wa Kiarabu uingie.

"Betri yake ni mwongo," akasema. "Inaonyesha imejaa, lakini ukichomoa waya inazima papo hapo. Nyanya, namwendea Madam saluni. Usikiguse. Hata kikikuita jina, usikiguse."

"Mimi nikiguse cha nini?"

Nami sikukigusa. Niligusa ukuta. Nilikuwa natoka kuanika mataulo, beseni kiunoni, na mkono ukapita kwenye zile swichi kama kawaida yake, tap tap tap, zote. Nilikuwa nimeshabana taulo la tatu kwenye kamba nilipokumbuka. Nilirudi mbio, nikawasha. Kijitaa cha kijani kikaangaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kikazima. Kioo kilikuwa cheusi, nikajiona uso wangu ndani yake.

Philipo aliporudi alikibonyeza, akasubiri, akakibonyeza tena. Hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Nani kazima?"

"Mimi, mwanangu."

Madam aliingia wakati huo akitafuta maji, akaona vile tulivyo, akauliza kimefanyika nini. Nilifungua mdomo. Philipo akatangulia: "Ni mimi, Madam. Nimekosea kukitengeneza."

"Baba atakasirika," Madam akasema, akaenda na maji yake.

Nilipomuuliza kwa nini amejitwika, alisema, "Wewe una wajukuu watatu kwenye kabati. Mimi nina leseni, nitapata kazi kokote." Lakini alikuwa akimwogopa Baba, alitaka kwenda nyumbani na kurudi, si kutupwa kama Herbert. Jumatano dada yake Millicent akapiga simu. Mama ameacha kula. Anamtaja Philipo, halafu anamtaja marehemu mumewe, halafu Philipo tena.

Ijumaa, maana huko ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, baada ya ibada tulimtafuta Kerubo. Huyo alikuwa msichana wa Kisii anayeshughulikia kompyuta za hoteli moja Al Sadd, na wenzetu kanisani walisema hakuna mashine isiyomsikia. Alitukaribisha chumbani alimolala na wenzake watatu, akageuza sanduku la nguo likawa meza, akatandika gazeti.

"Imekufa," akasema baada ya kukigeuza geuza. "Lakini haijazikwa."

"Usitaje kuzikwa, Kerubo," Philipo akamwambia.

Akatueleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa mimi wa darasa la saba. Kila betri ya kigemu hicho ina namba yake ndani. Kigemu kikiwashwa, kwanza kinaiuliza betri namba. Ikijibu, kinaendelea na akili yake, na hiki akili yake ilikuwa imekatika katikati. Lakini kikikuta betri isiyo na namba, kinadhani kimeshikwa na fundi wa kiwandani. Hakiulizi kitu tena. Kinafungua mlango na kufuata chochote kilichoandikwa kwenye kadi.

"Ati asiye na namba ndiye anafunguliwa mlango?" Philipo akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Mimi nikitoka bila bataka, kitambulisho chao, naishia polisi."

Kerubo alikuwa na betri nzima, aliitoa kwenye kigemu chake mwenyewe. Akaipasua ganda kwa kisu. Ndani palikuwa na kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko kupe aliyeshiba. Mguu wa tano ndio uliobeba namba. Ilitakiwa kuuinua huo peke yake bila kuuvunja na bila kugusa wa nne na wa sita.

Alijaribu na kibano chake. Kilikuwa kinene. Macho nayo yalimfumba kwa usingizi. Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo. "Aki siwezi. Nitaiua na hii."

Nikatoa sindano yangu kwenye pindo la kitambaa. Situmii sindano kwa kushona tu. Nimetoa funza kwenye vidole vya watoto wote watano niliozaa na vya majirani, na funza, kama hujui, akipasuka ndani umeongeza ugonjwa. Unazunguka pembeni polepole, unasikiliza kwa ncha ya sindano mpaka nyama iachie yenyewe. Nikamwambia Philipo akae upande wa dirisha asinikinge mwanga. Nilivua miwani, maana karibu naona vizuri zaidi bila miwani. Sijui ilichukua muda gani. Chai ilipoa. Kisha mguu ukainuka, wima, mzima, kama mtu anayenyoosha mkono darasani.

Kerubo akaingiza betri hiyo na kadi aliyoiandaa. Kijitaa cha kijani kikawaka chenyewe, bila kubonyezwa. Kikapepesa. Kioo kilibaki cheusi muda mrefu hivi kwamba Philipo alianza kusali kwa sauti, kisha kikajaa maandishi meupe, na Kerubo akapiga makofi.

"Amka, mzee! Nyanya, wewe ni daktari wa funza za umeme!"

Jumamosi Baba alirudi. Philipo alimpelekea kigemu juu ya sinia, nami nilikuwa nyuma na kahawa. Mtangazaji akapaza sauti kwa Kiarabu, goli likaingia, Baba akaruka kwenye mito. Madam akamweleza jinsi kilivyokufa na Philipo akakifufua. Baba akamtazama dereva wake kwa macho mapya.

"Wewe! Kumbe ni fundi?"

"Kidogo, Baba. Na ile sahihi..."

"Bukra, bukra. Ndugu zangu wanavyo vinne kama hiki. Vitengeneze kwanza, halafu uende kwa mama yako. Umsalimie."

Vinne vililetwa jioni hiyo hiyo kwenye mfuko wa duka la manukato. Viwili vilikuwa vimekufa kama chetu. Philipo alifanya kazi jikoni kwa betri ile ile ya Kerubo, Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kati ya safari na safari. Mimi nilikaa karibu na ukuta nikazilinda swichi. Jumanne alasiri cha mwisho kiliongea Kiarabu, na Baba akasema bukra.

Jumatano saa tatu asubuhi Millicent alipiga. Nilikuwa nakanda unga. Philipo alisikiliza amesimama, akasema "ndiyo" mara mbili, akaiweka simu kwenye unga bila kuona.

Walimzika Jumamosi, chumba cha maiti hakingojei mtu. Baba alitia sahihi Jumapili. Alimshika Philipo bega, akamwombea mama yake rehema, na macho yake yalilowa kweli, niliyaona.

Philipo alipokuwa akifunga mkoba, nilitaka kusema neno. Akanitangulia tena.

"Nyanya, Herbert ilimchukua siku moja."

Nilimwelewa. Kigemu kingebaki kimekufa, Jumamosi ile Baba angepiga simu moja kwa hasira, na Jumapili Philipo angekuwa Bungoma bila kazi, ameketi kitandani kwa mama yake, akitajwa na kuitika.

Alirudi baada ya mwezi, maana mkataba ulikuwa haujaisha. Alinipeleka sokoni, akanibebea mifuko, akaniita Nyanya. Mwanya ulionekana mara chache. Siku moja kabla ya Ramadhani Baba akaja mpaka mlango wa jikoni na kigemu mkononi, kioo cheusi.

"Philipo, kimekufa tena."

Philipo alikiangalia bila kukipokea.

"Sijui mambo hayo, Baba. Mimi ni dereva."

Baba akageuka, akaniangalia na mimi. Nilikuwa na mikono ndani ya unga, na sindano pindoni.

"Mimi ni mpishi, Baba," nikasema.